Begi ya wiki moja, karatasi za mwaka mzima

Haya ndio niliongea Jumamosi pale Ngara kwa kikao cha wale wanajipanga kutoka nje na begi mgongoni. Kuna wenye walikwama kwa jam wakaomba niandike, basi nimeandika karibu vile yalitoka mdomoni, kuruka-ruka kwake na yote.

Bwana mwenyekiti, wazazi wenye mmekuja kuona watoto wenu wanafunzwa nini, na nyinyi wengine mmejaza viti mpaka kuna wenye wamekalia meza, hamjambo? Hiyo ni sauti ya njaa, vumilieni, chai inakuja. Mwenyekiti ameniambia niongee kuhusu kupaki, na akasisitiza kupaki tu, stori za safari niache nyumbani. Nitajaribu.

Hebu mikono juu. Nani hapa ashatafuta kwa mtandao orodha ya vitu vya kubeba ukienda miezi sita, mwaka? Karibu wote. Na mlipata orodha ileile, si ndio? Suruali ya kukauka haraka, taulo ya maikrofaiba, filta ya maji, kamba ya kuanika nguo, taa ya kufunga kichwani, halafu huko chini kabisa, mstari mmoja, pasipoti. Mstari mmoja! Huyo mwenye aliandika anafika mpakani, anatoa kitabu mfukoni, anagongewa muhuri, anaendelea na safari huku anatafuna bablish. Sisi tukifika hapo tunaulizwa unaenda wapi, utalala wapi, uko na pesa ngapi, tiketi ya kurudi iko wapi, nani alikualika, na kazi unafanya gani ya kukupa likizo ya mwaka mzima. Kwa hivyo hiyo orodha si mbaya, ni ya mtu mwingine tu. Yangu ya leo ni hii na sina ingine: nguo paki za wiki moja, karatasi paki za mwaka mzima. Wengi wetu hapa Nairobi tunafanya kinyume, begi linafura nguo mpaka zipu inalia, halafu karatasi ni ile pasipoti na picha moja ya tiketi kwa simu yenye iko asilimia 9.

Tuanze na nguo kwa sababu ndio watu hukataa kuamini. Mtu anapiga hesabu, naenda mwaka, mwaka una wiki 52, basi nahitaji nguo mingi. Hapana. Utafua. Ukienda wiki mbili utafua, ukienda miaka miwili utafua, na nguo za kufua ni zilezile. Tisheti nne, suruali ndefu mbili, fupi moja, nguo za ndani tano au sita, soksi jozi nne, sweta moja, jaketi moja ya mvua, kitu cha kulalia chenye hata king'ora cha moto kikilia usiku kwa hosteli unaweza kutoka nacho nje bila aibu. Kiatu kimoja uko nacho mguuni, malapa ziko ndani. Mtu akiniambia anahitaji zaidi ya hapo namuuliza ni harusi ya nani.

Na jinzi. Najua mtaniua kwa hii ya jinzi. Nimekuja na mizani hii ndogo ya kuning'iniza, zinauzwa Luthuli kwa wale wa vifaa vya simu, na kijana hapa mbele amenipa jinzi yake ya pili yenye ilikuwa kwa begi. Soma mwenyewe. Gramu mia saba na kitu. Na hiyo ni kavu, ikinyeshewa ndio utajua hujui, na mwezi wa saba hapa kwetu ikifuliwa Jumatatu Jumatano bado iko na unyevu pale kwa mfuko na kwa pindo. Suruali nyepesi ya hiki kitambaa cha nailoni iko nusu ya hiyo na inakauka usiku mmoja. Kama lazima ubebe jinzi, ivae ukipanda ndege, hapo angalau mizani ya uwanja haikuoni.

Sasa angalieni kitu kimoja. Hii tisheti nimeilowesha pale bombani saa hii, inadondosha. Hii ni kikoi kavu. Naitandaza kwa meza, tisheti naiweka juu, nakunja zote pamoja kuanzia huku mpaka iwe kama mkate mrefu. Kaka, shika mwisho wa huko, wewe sokota kulia mimi nasokota kushoto, usiogope, kaza. Kaza! Fungua. Mmeona? Kikoi ndio imelowa, tisheti imebaki na ubaridi tu. Itundike dirishani, asubuhi unaivaa. Hiyo ndio siri ya kusafiri na tisheti nne, hakuna uchawi mwingine. Na kikoi yenyewe inakauka haraka kuliko taulo yoyote ya nyumbani, ni shuka ukilala kwa basi, ni pazia ukipewa kitanda cha chini kwenye bweni la hosteli, ni ya kujifunga ukitoka kuoga, na kwa kina dada ni ya kujitanda ukiingia msikitini ama kanisa za Ethiopia zenye hawataki kichwa wazi. Leso pia inafanya hizo kazi zote. Taulo ya maikrofaiba ya dukani sijawahi kuona inafunika nini.

Kununua wapi? Msiende kwa zile duka za mall kwanza. Nendeni Gikomba asubuhi mapema siku belo za mitumba zinafunguliwa, mtafute wale wa nguo za baridi, muulize kamera. Mnajua kamera, ile bidhaa ya kwanza kabisa kuchaguliwa kwa mzigo kabla watu hawajaparura. Humo ndani kuna sweta za sufu ya kondoo wa merino zenye huko zilitoka ni bei ya kodi yako ya mwezi. Angalia lebo ya ndani isome merino. Inua kwa mwanga utafute vitobo vya nondo, manake kimoja leo ni kumi mwezi ujao. Nusa kwapa, usione haya, muuzaji mwenyewe anajua. Sufu ya aina hiyo unaweza kuivaa siku nyingi bila kunuka, na hata ikiwa na unyevu kidogo bado inakupa joto, pamba haifanyi hivyo. Soko la Toi pia wako nazo lakini Toi wamejanjaruka, wanajua ni nini wanauza.

Nimetaja baridi. Watu wa Nairobi tuko na shida moja, tunaona Ulaya ndio baridi na Afrika ni jua. Panda basi hapa mwezi wa sita ukiwa na tisheti, teremka mpaka Dar, panda treni ya TAZARA, hiyo reli ni kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, Wachina walisaidia kuijenga miaka ya sabini. Siku ya kwanza unatoka jasho tu. Treni ikishapanda nyanda za juu kule Makambako na Mbeya usiku, kijana anatafuta soksi zake zote anavaa pamoja. Ukifika Johannesburg mwezi wa saba huko ni kipupwe kabisa, asubuhi nyasi ziko na barafu, na nyumba nyingi hazina joto la ndani kama Ulaya, kwa hivyo baridi ya nje ndio ya ndani. Addis nayo iko juu kutuliko, zaidi ya mita 2,300, na mwezi wa saba na wa nane ni mvua kila siku. Kwa hivyo hata kama safari yako ni Namanga mpaka Cape Town bila kupanda ndege, beba ile sweta, na jaketi ya mvua iwe kubwa kidogo ipite juu ya sweta. Huhitaji koti kubwa. Unahitaji vitu vitatu vyembamba vya kuvaa kimoja juu ya kingine, jua likitoka unavua kimoja kimoja.

Sasa begi yenyewe. Lita 40, wanaume warefu labda 45. Ukinunua ya 70 utaijaza, hilo sikubishanii, haba na haba hujaza begi. Wazee walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na walikuwa na sababu, wale wapagazi wa misafara ya Tabora mpaka Bagamoyo walikuwa wanabeba frasila mbili, hiyo ni kilo 30 na kitu, lakini ilikuwa kazi na walilipwa. Wewe nani anakulipa? Mashirika mengi ya ndege yanakubali kilo saba tu kuingia nazo ndani, Emirates ni saba, AirAsia ni saba. Ukiwa chini ya hapo hulipii mzigo, hungoji ule mkanda unazunguka, na begi haiwezi kwenda Lagos wewe ukienda Lusaka.

Dada wa kitambaa cha kijani, njoo utusaidie, usijali ni dakika mbili. Hii begi nimeiweka kilo nane ndani. Ivae vile huwa unavaa. Mmeona, mabega ndio yamebeba, na ameshaanza kuinama mbele. Kwanza legeza kamba zote, zote kabisa. Haya, huu mkanda wa kiunoni, sio tumboni, ukae juu ya huu mfupa wa nyonga, hapa, funga, kaza. Sasa vuta za mabega kidogo tu zikuguse. Funga ya kifua. Mwisho hizi ndogo za juu karibu na shingo, vuta mpaka begi ikukaribie mgongoni. Unaskia aje? Anasema ni kama imepunguzwa. Haijapunguzwa, ni vile sasa nyonga na miguu ndio inabeba. Kwa hivyo ukienda Eastleigh kununua, begi isiyo na mkanda wa nyonga wenye pedi usiiguse hata kama ni bei ya kutupa, na usipimwe na urefu wako wa kusimama, pimwa mgongo, kutoka ule mfupa wa shingo unatokeza ukiinamisha kichwa mpaka usawa wa nyonga. Kuna watu wafupi wako na mgongo mrefu na warefu wako na mgongo wa mtoto. Asante dada, unaweza kukaa. Zipu iwe ya chapa ya YKK, ifunguke mbele yote usikuwe unachimba kutoka juu ukitafuta mswaki, vizito vikae katikati karibu na mgongo. Yatosha.

Tuje kwa karatasi, na hapa mtanivumilia kwa sababu ndio nilikuja kusema.

Pasipoti kwanza. Nchi nyingi zinataka iwe na miezi sita zaidi, sio imebakisha miezi sita siku unatoka hapa, iwe na miezi sita siku unaingia ile nchi ya mwisho. Kwa hivyo ukienda safari ya mwaka na pasipoti yenye imebakisha mwaka mmoja na nusu, tayari uko ukingoni. Halafu kurasa. Ile ya kawaida ni kurasa 34, na wewe unaenda kwa ardhi, kila mpaka ni muhuri wa kutoka na muhuri wa kuingia, viza zingine zinakula ukurasa mzima, na kuna nchi zinakataa kama huna kurasa mbili tupu. Chukua ile ya 50 ama 66 mapema, kwa sababu kubadilisha ukiwa njiani ni kwenda ubalozi wetu, kama kuna wetu hapo, upigwe picha na alama za vidole halafu ungoje. Wenye wamewahi kungoja pasipoti pale Nyayo House wananielewa, sasa fikiria unangoja ukiwa hosteli unalipa kila usiku.

Kadi ya manjano, ile ya homa ya manjano. Sisi tunatoka nchi yenye imeorodheshwa kuwa na hatari ya huo ugonjwa, kwa hivyo sio kama mzungu ametoka Norway, sisi tunaulizwa. Afrika Kusini wanaitaka. India ukikosa wanaweza kukuweka karantini mpaka siku sita. Na haifanyi kazi siku umedungwa, inaanza baada ya siku 10, watu hukimbilia sindano wiki ya kusafiri halafu wanashangaa. Uzuri ni kwamba tangu 2016 ukidungwa mara moja ni ya maisha yote, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka kumi. Ishonee mfuko, ikae ndani ya pasipoti, usiache kwa begi kubwa.

Viza nazo. Kuna wenye wanasema, nitaendelea kuomba nikiwa njiani. Mahali pengine sawa. Afrika Kusini hatuhitaji tena tangu Januari 2023, siku 90 kwa mwaka, Tanzania, Uganda na Rwanda unaingia, Zambia na Malawi pia. Lakini Ulaya ya Schengen, zile nchi zenye viza yao ni moja, wanataka uombe kutoka nchi yenye unaishi kihalali, kwa hivyo ukiwa mtalii Bangkok ukienda ubalozi wao, mara nyingi wanakuambia ukaombe kwenu. Hapo ndio safari nzuri hukatika katikati. Kwa hivyo zile ngumu zianze hapa Nairobi kabla hujatoka, na upange njia ukifuata viza, sio ukifuata picha nzuri. Na mjue hesabu yao, ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Hiyo bima printi, beba.

Kupriniti ndio nataka tuongee vizuri. Simu si karatasi. Simu inazima, skrini inapasuka, mtandao wa mpakani haushiki, na huyo afisa hataki kushika simu yako. Saiba ya hapo mtaani ni shilingi chache kwa ukurasa. Priniti tiketi ya kutoka ile nchi, hata kama ni ya basi. Priniti mahali pa kulala usiku wa kwanza, na jina na namba ya simu ya hapo. Priniti taarifa ya benki ya miezi mitatu, sita kama uko nayo, na igongwe muhuri wa benki, muhuri unaheshimiwa kuliko hesabu yenyewe, usiniulize kwa nini. Barua ya mwajiri kama uko na kazi ya kurudia, ama cheti cha usajili wa biashara kama ni yako. Fotokopi tatu za pasipoti, kila moja ikae mahali tofauti. Cheti cha tabia njema kutoka DCI, wale polisi wa upelelezi, kama unafikiria hata kidogo kujitolea kwa shule ama kufanya kazi mahali, manake kukitafuta ukiwa mbali, na alama za vidole, utakoma. Na picha ndogo, piga nyingi hapo studio za Tom Mboya kabla hujatoka, za Ulaya ni milimita 35 kwa 45, za Marekani ni za mraba inchi mbili kwa mbili. Zote hizi pamoja, weka kwa mizani, hazifiki nusu kilo. Jinzi ya yule kijana ni nzito kuliko.

Na jinsi ya kuzitoa pia ni kazi. Mpakani usianze kumwaga karatasi zote mezani kabla hujaulizwa, utaonekana una wasiwasi. Pasipoti na kadi ya manjano mkononi, zingine ziko kwa folda ndogo, kila moja mahali pake, akiuliza unatoa hiyo moja tu, unanyamaza. Salamu kwanza. "Shikamoo afande" kwa Tanzania imenifungulia mambo mengi kuliko barua ya benki.

Hapo hapo kwa karatasi weka laini yako ya simu, kwa sababu siku hizi laini ni kitambulisho. Benki inatuma namba ya siri kwa ujumbe, M-Pesa iko hapo, kadi yako ya kulipia mtandaoni iko hapo. Washa rominge kabla hujapanda ndege, ukiwa nje wakati mwingine haikubali kuwashwa. Laini ya Kenya ikae kwa nafasi ya kwanza hata kama hupigi, ya nchi umeenda ikae ya pili, na usiache ile yetu ilale miezi bila kuwekwa kredo, watampa mtu mwingine. Kadi ya benki beba mbili, ya pili isikae pamoja na ya kwanza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka, vitu vya kukuletea shida.

Dawa. Zile za maumivu zenye tunanunua hapa kama peremende, kuna nchi ni mihadarati. Tramadol Misri, kuna mtalii Mwingereza alifungwa miaka mitatu 2017 juu ya tembe 290 alizosema ni za maumivu ya mgongo. Kodeini huko Dubai ni kesi. Japani wanakataza hata dawa zingine za mafua zenye sudoefedrini. Ukibeba dawa, iwe kwa pakiti yake, na barua ya daktari yenye jina kama lile la pasipoti. Na malaria, watu wa Nairobi tusijifanye wenyeji, huku juu hakuna mbu wa maana, mtu akizaliwa Umoja akaenda ziwani Malawi yuko sawa tu na mtalii, beba kinga.

Miraa. Hapa ni biashara halali, ukivuka Namanga kuingia Tanzania ni kosa la jinai, Uingereza waliipiga marufuku 2014. Kwa hivyo yule binamu anakuja uwanja wa ndege na mfuko mdogo anasema "mpelekee tu bro wangu," jibu ni hapana, na hata kama anasema ni majani ya chai, fungua uone. Mifuko ya plastiki nayo, Rwanda walikataza 2008, sisi 2017, Tanzania 2019, usiende na nguo zimefungwa kwa paperi. Zile ndogo za zipu za kuwekea mafuta na dawa ya meno Tanzania walisema ni sawa bora uondoke nazo. Nguo za rangi za jeshi acheni, Jamaika na Barbados ni marufuku raia kuvaa, na hata hapa kwetu mnajua vile inaenda.

Pawabanki inakaa nawe ndani ya ndege, haiendi kwa mzigo wa chini, kwa sababu ikishika moto huko chini hakuna mtu. Mwisho ni wati-saa 100. Ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, kwa hivyo iko sawa, lakini iwe imeandikwa, zile za mtaani zenye maandishi yamefutika wanakunyang'anya. Plagi zetu za pini tatu za mraba ni sawa na za Uingereza, Uganda unachomeka tu. Afrika Kusini wako na pini tatu nono za mviringo, na hizi adapta zinaitwa za dunia nzima nyingi hazina hiyo, nunua ukifika.

Kina dada wameniandikia karatasi kuhusu nywele, na wako sawa, zile orodha za mtandaoni hazisemi kitu. Suka kabla ya kutoka, misuko ya kukaa wiki kadhaa, na ujue kwamba Kathmandu ama Hanoi kupata msusi wa nywele zetu si rahisi, kwa hivyo jifunze kujisukia mistari rahisi hata kama itakuwa kombokombo. Mafuta ya nywele na ya mwili ndio kioevu pekee kinastahili nafasi. Kwa ndege kila chupa isizidi mililita 100, na wanasoma chupa, hawasomi kilicho ndani, chupa ya 200 ikibaki na tone moja inaenda kwa pipa. Hamisha kwa vikopo vidogo. Sabuni iwe ya kipande, haimwagiki, haihesabiwi, inaosha mwili na nguo. Baridi kavu ya huko inatutoa mba mpaka kwa vifundo, mafuta mazito usiache. Kikombe cha hedhi kwa wenye wamezoea kinaokoa nafasi mingi, lakini kizoee hapa nyumbani kwanza.

Na wazazi, mnisamehe, lakini nyinyi ndio mnajaza hizi begi. Shosho yangu alileta blanketi, zile nzito za maua. Nikamwambia, "Shosho, hii nitaibeba aje?" Akasema, "Kwa kichwa, ama hicho pia umekiacha?" Nikacheka, yeye hakucheka. Akaniangalia ile begi, akasema, "Mwaka mzima na kibegi cha shule, watu huko watasema hukuzaliwa na watu." Nilimwomba leso yake badala ya blanketi, akanipa ile amezoea kujifunga, na hapo tukaelewana. Kwa hivyo mkiona mzazi analeta mzigo, usimkatalie kavu, mwombe kitu kidogo. Unga, nyama kavu, maziwa lala, hivyo havifiki, Ulaya hawaruhusu nyama na maziwa kutoka huku, na Australia usipotangaza chakula kwenye ile fomu unapigwa faini. Majani ya chai yakiwa kwa pakiti yake mahali pengi yanapita, lakini tangaza.

Kuna swali huko nyuma kuhusu laptopu. Kama inakulipa, beba, na upunguze tisheti moja. Kama ni ya kuangalia filamu, simu yatosha. Sufuria? Hapana, hosteli ziko nazo. Kisu cha kukunja? Hakiingii na begi ya mkononi, nunua cha bei rahisi ukifika halafu mwachie mtu.

Haya, chai imefika na mizani iko hapa. Wenye mmekuja na begi zenu pangeni laini kuanzia upande wa dirisha, na ikizidi kilo saba tunaifungua hapahapa mbele ya watu.